Rekodi ya Kuzaliwa ya Ireland Haionekani: Anza na Dalili Unayoiona

Wanaotafuta rekodi za kuzaliwa za Ireland ni wa aina mbili. Wapo wanaotaka tu kujua asili ya mzee wao, na wapo wenye fomu mkononi. Sheria ya Ireland inampa mjukuu wa mtu aliyezaliwa kisiwani humo, kusini au kaskazini, nafasi ya kuomba uraia kupitia Rejesta ya Waliozaliwa Nje, na ofisi inayopokea maombi inadai cheti kirefu cha kuzaliwa (chenye majina ya wazazi) cha huyo babu au bibi. Katika familia za Afrika Mashariki utawakuta wa aina zote mbili: wajukuu wa walowezi, wa maafisa wa jeshi la kikoloni, wa watu wa reli, na siku hizi watoto wa ndoa zilizofungwa Dublin au Cork.

Lalamiko lao ni moja: "Nimeandika jina lake kama lilivyo, naambiwa hakuna." Tatizo limo humo humo kwenye "kama lilivyo". Mkulima wa Ireland wa mwaka 1870 huenda hakuwahi kuandika jina lake hata mara moja. Liliandikwa na padri siku ya ubatizo, na msajili, na karani wa meli, na karani wa sensa, kila mmoja kwa sikio lake na mwandiko wake. Kwa hiyo tahajia iache iyumbe. Unachotakiwa kukishikilia ni mahali, pamoja na watu waliomzunguka. Anayefanya kinyume chake, akang'ang'ania herufi na kulegeza mahali, huzunguka mpaka anachoka.

Kabla hujaanza kutafuta

Hakikisha una jina la kwanza, mwaka wa kukadiria, dini, jina la angalau mzazi mmoja (la mama lina thamani zaidi), na mahali padogo kuliko neno "Ireland". Kaunti ni nzuri, parokia ni bora. Kama mahali huna, usianzie Ireland. Anzia alikofia. Cheti cha kifo, cheti cha ndoa, maandishi ya kaburi, tangazo la mirathi katika gazeti rasmi la serikali ya Kenya, faili la jeshi kwenye hifadhi ya nyaraka ya Kew huko London, ombi la uraia la Marekani: vyote hivi huweza kubeba jina la kijiji. Usiwasahau ndugu zake. Mara nyingi mzee mwenyewe aliandikwa "Ireland" basi, lakini dada yake aliyefia Boston ana tangazo la msiba lenye jina la parokia.

Dalili: matokeo ni sifuri

Tazama mwaka kwanza. Usajili wa serikali wa vizazi kwa watu wote ulianza Ireland tarehe 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilitangulia, tarehe 1 Aprili 1845, ila vizazi vyote vilisubiri mpaka 1864. Aliyezaliwa 1859 hana cheti cha serikali, na hatakuwa nacho hata ukitafuta mwaka mzima. Ruka mpaka sehemu ya vitabu vya parokia hapa chini.

Kama mwaka unaruhusu, angalia unatafuta wapi. Tovuti ya serikali, irishgenealogy.ie, haitozi kitu, na inaonyesha picha ya ukurasa wenyewe wa rejesta kwa vizazi vilivyopita miaka 100. Inajumuisha kisiwa kizima mpaka 1921. Baada ya hapo kaunti sita za Ireland ya Kaskazini, yaani Antrim, Armagh, Down, Fermanagh, Londonderry na Tyrone, zina ofisi yao Belfast, ambayo huuza picha kwa malipo mtandaoni. Mtu aliyezaliwa Belfast mwaka 1923 humwoni kwenye tovuti ya Dublin, hata uandike jina kwa tahajia ipi.

Mwaka ni sahihi, mahali ni sahihi, bado sifuri? Basi umejaza visanduku vingi mno. Futa. Bakiza jina la ukoo na wilaya ya usajili, tanua miaka mitano mbele na mitano nyuma, kisha ufute na jina la kwanza. Hili la mwisho watu hulipuuza, na ndilo lenye faida kubwa: watoto wengi walisajiliwa kabla hawajapewa jina, au aliyekwenda kusajili hakulijua, kwa hiyo faharasa inasema tu "Male" au "Female" halafu jina la ukoo. Jina la ubatizo lingeweza kuongezwa baadaye kwenye safu ya pembeni, lakini wachache walirudi ofisini kwa ajili hiyo.

Ipo pia sababu ya nne, isiyo na dawa: hakusajiliwa. Katika miaka ya mwanzo, hasa mashambani upande wa magharibi, wazazi wengi hawakuona sababu ya kutembea maili kadhaa kumwarifu mtu wa serikali ya Uingereza kwamba wamepata mtoto. Walimpeleka kanisani. Ukimkosa kwenye rejesta ya serikali, kitabu cha ubatizo kinaweza kumwonyesha bila shida.

Dalili: jina linakaribia, lakini silo

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Anza na viambishi. Majina ya Kiairishi ya asili hubeba Ó, yaani wa uzao wa fulani, au Mac, yaani mwana wa fulani. Chini ya utawala wa Waingereza Ó iliangushwa kwa wingi, na Mac kwa kiasi. Mwishoni mwa karne ya 19, vuguvugu la kufufua lugha lilipopata nguvu (Chama cha Lugha ya Kiairishi kiliundwa 1893), watu wakaanza kuirudisha. Matokeo yake ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa Sullivan na O'Sullivan, kutegemea nani alihama mapema na nani alibaki. Kanuni yangu ni hii: kwa mtu aliyezaliwa kabla ya 1900, tafuta kwanza bila Ó. Halafu "O'Brien", "O Brien", "OBrien", na "Brien" pekee. Kwa Mac, jaribu "Mc", "Mac", "M'" ya chapa za zamani, na jina lililobaki baada ya kukata: McCarthy anaweza kukaa kwenye faharasa kama Carthy, kwa sababu c ndogo iliyopandishwa juu ya M haikuonekana kwa aliyenakili.

Usishangae ukikuta sensa ya 1901 ina familia ya Sullivan, na ile ya 1911 nyumba ile ile ina watu wa Ó Súilleabháin. Baba aliamua kujaza fomu kwa Kiairishi. Humo mke ataandikwa Uí na binti Ní, maana viambishi vya wanawake ni tofauti na vya wanaume. Kwa Mac, mke ni Mhic na binti ni Nic.

Kuna majina yaliyotafsiriwa, na haya ndiyo yanayowapoteza hata wazoefu. Mac Gabhann, jina la wahunzi, liligeuka McGowan kwa baadhi ya familia na Smith kwa nyingine, hasa kaunti ya Cavan. Ó Cléirigh akawa Clery, au Clarke. Huko Connemara, Mac Conraoi akawa Conroy, au King. Mac an tSaoir ana sura nne: McAteer, McIntyre, Carpenter, na hata Freeman. Walsh ni jina la waliotoka Wales. Kwa Kiairishi ni Breathnach, na kwenye vitabu utakuta pia Welsh, Welch na Brannagh. Kwa hiyo ukiona Smith wa Cavan, usikimbilie kusema asili yake Uingereza.

Halafu kuna sikio. Herufi nyingi za majina haya hazitamkwi, na makarani waliandika walichosikia. Doherty, Dougherty, Docherty na O'Dogherty ni watu wamoja. Reilly, Riley, O'Reilly. Keogh na Kehoe. Meagher na Maher. Kane, Keane, Kean, Cain. McGuinness, Magennis, na hata Guinness. Tatizo hili liliwasumbua hata wenye rejesta wenyewe: Robert Matheson wa ofisi ya Msajili Mkuu mjini Dublin alikusanya tahajia mbadala kutoka kwa wasajili wa wilaya na kuzichapisha mwaka 1890 ili makarani wajue wapekue wapi. Kama serikali ilihitaji orodha, wewe unaihitaji zaidi. Chukua karatasi, andika kila sura ya jina unayoweza kufikiria, na uweke alama kwa kila uliyokwisha kuijaribu, kwa kila tovuti peke yake. Kazi hii inachosha kichwani, ila kwenye karatasi inakwenda.

Mwandiko nao una visa vyake. Katika mkono wa zamani, s mbili zilizofuatana ziliandikwa kama "fs", na wanaonakili leo husoma "p". Hennessy huwa "Hennefsy", kisha "Hennepy". Herufi kubwa L, S na T zinafanana kwenye baadhi ya kurasa. H na K pia. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch inakubali nyota na alama ya kuuliza badala ya herufi usizo na uhakika nazo, basi andika S*l*van uache mashine ihangaike.

Mashine yenyewe ina mtego. Faharasa nyingi za Marekani zilipangwa kwa Soundex, mfumo unaogeuza jina kuwa msimbo wa sauti, lakini unaishika herufi ya kwanza bila kuigusa. Kearney ni K650. Carney, linalotamkwa karibu sawa, ni C650. Havikutani kamwe. Sullivan ni S415, na ukiiweka O mbele inakuwa O241, mbali kabisa. Kwa hiyo kisanduku cha "tafuta yanayofanana" kisikutulize. Herufi ya kwanza ibadilishe mwenyewe kwa mkono.

Nimemtaja Kearney kwa makusudi, kwa sababu mfano wake uko karibu na nyumbani. Barack Obama, ambaye kwa baba ni wa Kogelo, kwa mama ana babu wa vizazi vya nyuma aliyetoka kijiji cha Moneygall, kaunti ya Offaly. Anaitwa Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, na alihamia Marekani mwaka 1850. Katika rekodi za Marekani jina lake la kwanza linaonekana pia kama Fulmoth. Alizaliwa miaka zaidi ya 30 kabla ya usajili wa serikali, tena hakuwa Mkatoliki, kwa hiyo kilichofunga hesabu ni kumbukumbu za Kanisa la Ireland (la Kianglikana) za Templeharry, jirani na kijiji hicho. Obama alifika Moneygall mwezi Mei 2011. Angalia kilichofanya kazi pale: dini, mahali, na kazi ya baba. Tahajia ilikuwa mzigo tu.

Jina la kwanza nalo haliko salama. Vitabu vya Kikatoliki viliandikwa mara nyingi kwa Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Joannes ni John, Honoria ni Nora au Hanora. Eugenius anaweza kuwa Owen au Eugene. Jeremias ni Jeremiah, ambaye kijijini aliitwa Darby. Thady na Timothy ni mtu mmoja, Tadhg. Bridget alipofika Amerika alichoka kuchekwa akawa Delia, au Bertha, au Beatrice. Gobnait, jina la mtakatifu wa Cork na Kerry, liliandikwa Abigail au Deborah, na hakuna namna ya kubahatisha hilo kama hulijui.

Ukisikia "jina lilibadilishwa Ellis Island", kile kituo cha kupokea wahamiaji New York, tabasamu uendelee na kazi. Makarani wa pale walisoma orodha zilizokwisha kuandikwa bandari ya kuondokea. Aliyebadilisha jina kwa kawaida ni mhamiaji mwenyewe, miaka kadhaa baadaye, kwa sababu zake.

Dalili: wamejaa, na wote wana jina lake

Upande mwingine wa shida. Unatafuta Honora Sullivan wa Cork, unapewa kurasa na kurasa. Murphy, Kelly na Sullivan ndiyo yaliyokuwa majina ya kawaida kuliko yote nchini mwishoni mwa karne ya 19, na familia zilirudia majina ya kwanza kwa utaratibu: mtoto wa kwanza wa kiume alirithi jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa kwanza wa kike la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Wakikuyu watauona utaratibu huu wa kurithisha majina ya babu na bibi haraka kuliko wengine. Maana yake ni kwamba ndugu watano wa kiume waliooa kijiji kimoja watakuwa na watoto watano wenye jina moja, waliozaliwa ndani ya miaka michache.

Dawa ni kuacha faharasa na kufungua picha. Tuchukue mfano wa kubuni, ila ndivyo kurasa zilivyo. Wilaya ya usajili Castletown, kaunti ya Cork, mwaka 1871. Tarehe ya kuzaliwa: 3 Machi. Mahali: Allihies. Jina: Honora. Baba: John Sullivan, wa Allihies. Mama: Mary Sullivan, zamani Harrington. Kazi ya baba: kibarua mgodini. Mtoa taarifa: Johanna Harrington, alama yake X, "alikuwepo mtoto akizaliwa". Tarehe ya kusajiliwa: 29 Machi.

Sasa tazama mkononi una nini. Familia huko Butte, Montana, wanasema bibi yao ni Nora O'Sullivan wa Cork, alizaliwa 1876, baba yake alichimba shaba. Mwaka haukubaliani, jina la kwanza halikubaliani, jina la ukoo limeongezewa O. Lakini Allihies ilikuwa na migodi ya shaba, na wachimbaji wake walihamia Butte kwa wingi. Cheti cha ndoa cha Butte kikionyesha mama yake ni Mary Harrington, umemkaribia. Halafu yule Johanna, aliyetia X kwa sababu hakujua kuandika, huenda ni mama mdogo au bibi. Mtafute kwenye kitabu cha ubatizo kama msimamizi wa mtoto huyo au wa ndugu zake. Wasimamizi wa ubatizo mara nyingi walikuwa wajomba, shangazi na mama wadogo. Jina la mama kabla ya kuolewa ndilo linalowatenganisha akina Sullivan, na kwenye faharasa za miaka ya mwanzo halimo. Limo kwenye picha.

Tena rasi ya Beara, iliko Allihies, ina desturi yake: akina Sullivan walikuwa wengi kiasi kwamba kila tawi lilikuwa na jina la ziada, na wakati mwingine padri aliandika jina la tawi peke yake. Hata hao Harrington kwenye vitabu vya huko utawakuta kama Urdail au Hingerdell. Ukifanya kazi ya eneo moja, tafuta kwanza desturi zake za majina kabla hujalaumu rejesta.

Usiridhike haraka na anayefanana. Annie Moore wa Cork ndiye mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, tarehe 1 Januari 1892. Kwa miaka mingi alisimuliwa kuwa alikwenda Texas na kufia huko. Mwaka 2006 mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak, huyo huyo aliyefuatilia akina Kearney wa Obama, alionyesha kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois. Yule wa Cork aliishi na kufa New York. Jina lilikuwa moja, watu wawili.

Dalili: tarehe hazipatani

Mtoto kabatizwa kabla ya kuzaliwa. Utaliona hili mara kwa mara, na halina muujiza. Waliochelewa kusajili walitozwa faini, basi wazazi waliisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa mbele ya msajili ili ionekane wamewahi. Padri hakuwa na faini, na Wakatoliki walibatiza watoto siku hiyo hiyo au siku chache baadaye. Vikipingana, mimi humwamini padri.

Umri nao umeruka. Mtu ana miaka 55 kwenye sensa ya 1901, na 70 kwenye ya 1911. Kilichotokea katikati ni pensheni ya uzee: sheria ilipitishwa 1908, malipo yakaanza Januari 1909, kwa waliofikisha miaka 70. Waombaji wote wa wakati huo walizaliwa kabla ya 1864, kwa hiyo hawakuwa na cheti, na wengi waligundua ghafla kwamba ni wazee kuliko walivyodhani. Umri wa sensa uchukue kama makadirio, na kwa wazee wa 1911 upunguze imani zaidi.

Dalili: mahali hapapo kwenye ramani

Sababu ya kwanza ni majina yaliyobadilishwa baadaye. Queen's County sasa ni Laois, King's County ni Offaly, Queenstown ni Cobh, Kingstown ni Dún Laoghaire, Maryborough ni Portlaoise, Parsonstown ni Birr. Tena Queenstown ilikuwa bandari. Anayesema babu yake "ametoka Queenstown" pengine anataja alikopandia meli.

Ya pili ni ngazi za utawala. Eneo dogo kabisa ni taunilandi, sawa na kitongoji chetu, na ziko zaidi ya 60,000. Nyingi zina jina moja katika kaunti tofauti, kwa hiyo jina la taunilandi bila parokia halikusaidii. Taunilandi iko ndani ya parokia ya kiserikali, ambayo hailingani na parokia ya Kikatoliki. Wilaya ya usajili ni kitu kingine tena: ilifuata mipaka ya miungano ya kusaidia maskini, na iliweza kuvuka mpaka wa kaunti. Mtu wa kaunti hii akasajiliwa kwenye mji wa kaunti jirani, bila kosa la mtu yeyote. Tovuti ya logainm.ie ina majina yote mawili, ya Kiairishi na ya Kiingereza, pamoja na parokia husika.

Dalili: alizaliwa kabla ya 1864

Kwa Mkatoliki, Maktaba ya Taifa ya Ireland imeweka mtandaoni tangu 2015 picha za vitabu vya parokia mpaka karibu 1880, bure, kwa registers.nli.ie. Huwezi kutafuta jina humo. Unachagua parokia, mwaka, mwezi, na unasoma ukurasa kwa ukurasa. Tovuti za Ancestry na Findmypast zina faharasa, RootsIreland ina yake ya kulipia, na kwa sehemu za Kerry, Cork, Carlow na Dublin tovuti ya serikali ina nyingine ya bure. Zitumie zote, kwa sababu kosa lililoko kwenye moja huenda halimo kwenye nyingine. Parokia za mijini zina vitabu vya karne ya 18. Za magharibi nyingi huanzia miaka ya 1820 au hata 1840, na kabla ya hapo hakuna.

Ukibahatika na aliyezaliwa baadaye, soma pembeni mwa mstari wa ubatizo. Kuanzia 1908 Kanisa lilitaka ndoa ya Mkatoliki iarifiwe kwenye parokia aliyobatizwa, na maandishi madogo pembeni yanaweza kukwambia ameoa New York au Sydney, mwaka gani, na nani.

Kwa waumini wa Kanisa la Ireland hali ni ngumu zaidi. Zaidi ya nusu ya vitabu vyao vilipelekwa kuhifadhiwa Dublin, kwenye jengo la nyaraka la Four Courts, lililoteketea tarehe 30 Juni 1922 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vilivyobaki uliza maktaba ya kanisa hilo Dublin. Wapresbiteri waulizie hifadhi ya nyaraka ya Belfast.

Moto ule ule ulimeza karibu sensa zote za 1821 mpaka 1851. Za 1861 na 1871 serikali iliziharibu yenyewe mapema, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndiyo maana wote tunaegemea za 1901 na 1911. Mahali pa sensa zilizopotea tumia Tathmini ya Griffith, orodha ya waliokalia ardhi na nyumba iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864. Haina watoto wala umri. Inakuonyesha jina la ukoo lilijazana parokia zipi, na hapo unajua ni vitabu vipi uvifungue kwanza.

Dalili: mtoto ana mama tu

Nafasi ya baba ikiwa tupu, mtoto yuko chini ya jina la ukoo la mama, na huenda baadaye alitumia la baba wa kambo. Kama aliasiliwa, njia ni nyingine: sheria ya mwaka 2022 ya taarifa za kuzaliwa inampa mhusika haki ya kupata cheti chake na maelezo yake ya awali, kupitia Tusla, shirika la serikali la watoto na familia, au Mamlaka ya Kuasili.

Dalili: cheti kimepatikana, lakini majina hayalingani na fomu

Babu kwenye rejesta ni Denis Sullivan, kwenye ndoa yake ya Nairobi ni Dennis O'Sullivan, kwenye cheti cha mtoto wake ni D. J. Sullivan. Usifute wala kusahihisha chochote, na usitume cheti kimoja ukitarajia kieleweke. Panga vyeti kwa mfululizo, kizazi kwa kizazi, na kwenye kila pengo la jina weka kitu kinachounganisha: jina la mama linalojirudia, kazi ile ile, anwani ile ile, tarehe ya kuzaliwa kwenye faili la jeshi. Ongeza barua fupi inayotaja kila tofauti waziwazi kabla ofisa hajaigundua mwenyewe.

Na unapoagiza cheti kirefu kwa General Register Office, ofisi kuu ya usajili, andika jina kwa tahajia iliyo kwenye rejesta, hata kama familia nzima inaiona ni makosa, pamoja na mwaka, wilaya ya usajili, juzuu na ukurasa. Ukiandika jina la familia, karani atatafuta hilo, na utarudi kule kule kwenye sifuri.